Kiwiko, mkataba na shahada: mrushaji wa besiboli wa chuo anavyoingia kazini na anavyotoka

Mwaka 1996 klabu ya Texas Rangers ilimchagua katika raundi ya kwanza ya uchaguzi wa wachezaji wapya kijana aliyekuwa akirusha mpira kwa Chuo Kikuu cha Tennessee, R.A. Dickey, ikamwahidi dola 810,000 za kusaini. Kabla hajasaini, mtu wa tiba wa klabu aliona picha yake kwenye jalada la jarida la besiboli, amesimama na wenzake wa timu ya Olimpiki, mkono wa kulia ukining'inia kwa namna isiyo ya kawaida. Akapelekwa kupimwa. Ikaonekana hana kabisa ligamenti (utepe unaoshika mfupa kwa mfupa) ya upande wa ndani wa kiwiko, ile ambayo mrushaji yeyote huitegemea. Rangers wakaondoa ahadi, kisha wakarudi na dola 75,000. Dickey akazichukua.

Ukitaka kuelewa kazi ya mrushaji wa chuo nchini Marekani, na maisha yake mchezo ukishakwisha, anzia kwenye hiyo tofauti ya dola 735,000. Mkono haukubadilika hata kidogo kati ya ahadi ya kwanza na ya pili, na mpira wake ulikwenda vilevile. Kilichobadilika ni maandishi ya daktari. Kipaji cha mrushaji hupimwa hadharani kila wiki, lakini hatima yake huamuliwa na kiwiko, na kalenda ya chuo, na vifungu vya mkataba ambavyo vijana wengi huvisoma wakiwa na miaka 21, kwa haraka.

Kwa asiyeujua mchezo: mrushaji, au pitcha kama wengi wanavyomwita, husimama juu ya kichuguu cha udongo chenye kimo cha sentimita 25, mita 18.44 kutoka kwa mpigaji mwenye gongo. Mpira una gramu 142 hadi 149 na mishono 108 ya uzi mwekundu. Ukirushwa kwa kilomita 150 kwa saa humfikia mpigaji kwa takriban sekunde 0.4, naye lazima aamue kupiga au kuacha kabla haujafika hata nusu ya safari. Mrushaji hurusha hivyo mara 90 au 100 katika mchezo mmoja.

Kiwiko kinabeba nini

Mkono unapotoka nyuma ya kichwa kuja mbele, mfupa wa juu wa mkono huzunguka begani kwa kasi ya takriban digrii 7,000 kwa sekunde. Kabla tu ya hapo, kigasha bado kimebaki nyuma huku mwili umeshatangulia, na upande wa ndani wa kiwiko unavutwa kama kitu kinachotaka kufunguka. Vipimo vya maabara vimeonyesha msokoto wa karibu Newton-mita 64 kwa kila mrusho wa nguvu. Ligamenti ya maiti ikijaribiwa peke yake hukatika kwenye takriban Newton-mita 32. Kwa hesabu hiyo kila mrushaji angepasuka siku ya kwanza. Kinachomwokoa ni misuli ya kigasha inayoanzia kwenye kifundo cha ndani cha kiwiko: inakaza kwa wakati na kuchukua sehemu ya mzigo.

Hapa ndipo uchovu unapogeuka jeraha. Misuli iliyochoka huchelewa kukaza, na mzigo uleule unahamia kwenye ligamenti. Kwa hiyo mrusho wa 95 wa siku hiyo haulingani na wa 15 hata kama mashine ya kupima kasi inaonyesha namba moja. Ligamenti hupata michaniko midogo isiyosikika, na ikikosa muda wa kupona hulegea. Siku moja kijana husikia mlio kama wa kamba iliyokatika, au hasikii chochote ila mpira unapotea kasi na hauendi anakoutuma.

Kocha mwenye macho huziona dalili mapema. Kasi kushuka kilomita 3 hadi 5 kwa saa katikati ya mchezo. Mipira kuanza kwenda juu kuliko ilivyokusudiwa, kwa sababu kiwiko kimeshuka na mkono unafika ukiwa umechelewa. Kuhitaji mipira mingi zaidi ya kupasha misuli kuliko wiki iliyopita. Kigasha kukaza siku ya pili na kutolegea. Ganzi kwenye kidole cha pete na kidole cha mwisho ni ya hatari zaidi, maana neva inayopita nyuma ya kiwiko imeanza kuvutwa au kubanwa. Kijana anayesubiri barua ya klabu huzificha dalili hizi zote, na hilo ndilo kosa linalogharimu kuliko yote tutakayoyataja humu.

Kiwango cha mapumziko kimeandikwa wazi. Mwongozo uliotolewa na Ligi Kuu ya Besiboli pamoja na chama cha USA Baseball unasema mwenye umri wa miaka 19 hadi 22 asizidishe mirusho 120 kwa siku. Akirusha hadi 30, anaweza kurudi kesho. Akirusha 31 hadi 45 apumzike siku 1, hadi 60 siku 2, hadi 80 siku 3, hadi 105 siku 4, na zaidi ya hapo siku 5. Tatizo ni kwamba huo ni mwongozo tu. NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, hakina kikomo cha jumla cha mirusho. Mwezi Juni, kwenye hatua ya mtoano ya kanda, timu inaweza kulazimika kucheza michezo mitano ndani ya siku nne, na aliyeanza Ijumaa huitwa tena Jumatatu. Ajira ya kocha inategemea ushindi wa wiki hiyo, wakati kiwiko kinatakiwa kidumu miaka kumi zaidi. Mzazi au mchezaji akitembelea chuo kabla ya kuchagua, aombe hesabu ya mirusho ya warushaji wa misimu miwili iliyopita, mchezo kwa mchezo. Kocha asiyetaka kuionyesha ameshajibu.

Shinikizo la kasi nalo linapanda. Wastani wa kasi ya mpira wa moja kwa moja katika Ligi Kuu ulikuwa maili 91.3 kwa saa mwaka 2008, ukafika 94.2 mwaka 2024, yaani kutoka kilomita 147 hadi karibu 152. Vijana wa chuo hufundishwa kufuata namba hizo, na kurusha kwa nguvu zote kila mara badala ya kuhifadhi nguvu kwa wapigaji hatari. Ripoti ya Ligi Kuu ya Desemba 2024 iliitaja kasi, mizunguko ya mpira na juhudi ya kiwango cha juu isiyokoma kuwa sababu kuu zinazohusishwa na wingi wa majeraha.

Upasuaji unaofahamika kwa jina la mgonjwa

Septemba 25, 1974, daktari Frank Jobe wa Los Angeles alimfanyia mrushaji Tommy John upasuaji ambao haukuwa umewahi kufanywa kwa mchezaji wa besiboli. Alichukua kano kutoka kwenye mkono mwingine, akatoboa matundu kwenye mfupa wa juu na mfupa wa kigasha, akaipitisha kano hiyo kama uzi kwenye sindano ili ikae mahali pa ligamenti. John alikosa msimu wa 1975 wote, akarudi 1976 na kucheza hadi 1989. Alishinda michezo 164 baada ya upasuaji, mingi kuliko aliyoishinda kabla.

Mafanikio hayo yamezaa imani potofu kwamba upasuaji huimarisha mkono. Hauimarishi. Anayerudi na kasi zaidi kwa kawaida ni kwa sababu alifanya mazoezi ya miguu, mgongo na bega kwa mwaka mzima bila kurusha, jambo ambalo angeweza kulifanya akiwa mzima. Kwa makadirio yanayotajwa sana, takriban wanne kati ya watano hurudi uwanjani. Huyo wa tano huwa hatajwi mtu anapoambiwa asiwe na wasiwasi.

Safari ya kurudi ina hatua zisizorukika. Wiki moja au mbili za kwanza kiwiko kimefungwa kabisa. Hadi karibu wiki ya sita huvaa kifaa chenye bawaba kinachoruhusu kiwiko kunyooka kidogokidogo. Kisha mazoezi ya kiganja, bega na mgongo. Mwezi wa nne au wa tano anaanza kurusha taratibu kutoka mita 14, siku moja anarusha na siku moja anapumzika, umbali ukiongezwa hadi kupita mita 36. Kwenye kichuguu hurudi karibu mwezi wa nane au wa tisa, tena kwa mipira ya moja kwa moja tu; mipira ya kupinda inafuata baadaye. Mchezo rasmi ni kati ya mwezi wa 12 na wa 18. Mwezi wa tano ndio wenye mtego, kwa sababu maumivu yameisha na kijana anajiona mzima, kumbe kano iliyopandikizwa bado inageuka kuwa ligamenti. Pale ambapo ligamenti imechanika kwenye ncha tu na sehemu iliyobaki ni nzima, siku hizi hushonwa na kutiwa utepe wa kuikinga, njia iliyoendelezwa na Jeffrey Dugas huko Birmingham, Alabama, na muda hupungua hadi miezi sita au saba.

Na Dickey, asiye na ligamenti? Alihangaika miaka karibu kumi kati ya ligi za chini na Ligi Kuu, mwishowe akajifunza mpira usiozunguka, unaorushwa kwa ncha za vidole kwa mwendo mdogo na kuyumba hewani wenyewe. Mwaka 2006 aliujaribu dhidi ya Detroit Tigers akapigwa mikwaju sita ya nje ya uwanja katika mchezo mmoja, akashushwa daraja. Januari 2012 alipanda Mlima Kilimanjaro kuchangisha fedha za kuwaokoa wasichana wanaouzwa huko Mumbai, ingawa klabu yake, New York Mets, ilimwonya kwamba akiumia mlimani mshahara wa dola milioni 4.25 ungeweza kupotea. Mwaka huohuo alishinda michezo 20 na kutwaa tuzo ya Cy Young, ya mrushaji bora, wa kwanza kuipata kwa mpira wa aina hiyo.

Kalenda ya chuo na mikopo ya masomo

Msimu wa daraja la kwanza la NCAA huanza katikati ya Februari, michezo isiyozidi 56, kwa kawaida mitatu mwishoni mwa wiki na mmoja Jumanne. Anayeanza Ijumaa ndiye bora wa timu. Wiki yake hufanana hivi: Jumamosi mbio nyepesi, Jumapili kurushiana taratibu, Jumatatu kurusha kwa umbali mrefu na kuinua vyuma, Jumanne mirusho 25 hadi 35 kwenye kichuguu cha mazoezi, Jumatano kurushiana tena, Alhamisi safari. Kanuni inaruhusu saa 20 za mazoezi kwa wiki, lakini saa za basi na uwanja wa ndege hazimo katika hesabu hiyo.

Shahada ya kwanza kwa kawaida huhitaji mikopo 120, kwa maana ya vipimo vya masomo. NCAA inamtaka mchezaji awe amemaliza asilimia 40 ya shahada yake mwisho wa mwaka wa pili, 60 mwisho wa tatu na 80 mwisho wa nne. Asilimia 60 inasikika vizuri mpaka uipigie hesabu: anayeondoka baada ya mwaka wa tatu akiwa amefuata kiwango cha chini ana mikopo 72, na 48 bado. Mwenye mpango hubeba mikopo 15 hadi 18 msimu wa vuli, 12 tu msimu wa michezo, na kuongeza sita wakati wa kiangazi kwa njia ya mtandao, hata akiwa kwenye ligi ya kiangazi kama ya Cape Cod. Anaondoka na karibu 100. Tofauti hiyo ya 28 ni karibu mwaka mzima wa maisha, na hulipwa akiwa na miaka 27 mwenye mke na kodi ya nyumba.

Kuhusu fedha za chuo, hadi 2025 timu nzima ya besiboli ilikuwa na ufadhili kamili 11.7 wa kugawana, wachezaji 27 wakipata angalau robo kila mmoja. Waliobaki walijilipia. Baada ya maridhiano ya mahakama yaliyoidhinishwa Juni 2025, vyuo vilivyojiunga vina kikomo cha wachezaji 34 na vinaweza kuwalipia wote, ingawa vingi havina uwezo huo. Wachezaji pia wanaruhusiwa tangu Julai 2021 kulipwa kwa matumizi ya jina na sura yao. Kijana kutoka Kenya, Uganda au Tanzania aliye chuoni kwa viza ya mwanafunzi, F-1, wa mchezo wowote, asikubali malipo hayo kabla ya kuzungumza na ofisi ya wanafunzi wa kigeni ya chuo chake: viza hiyo inabana sana kazi za kulipwa, na kuivunja humwondoa mtu nchini. Besiboli imeshaota mizizi Uganda (timu ya watoto wa Lugazi ilikuwa ya kwanza kutoka Afrika kucheza kwenye mashindano ya dunia ya Little League mwaka 2012), kwa hiyo onyo hili si la kinadharia.

Siku ya kuchaguliwa

Klabu 30 huchagua wachezaji kila Julai kwa raundi 20, kiasi cha majina 600 na kidogo. Vyuo vya daraja la kwanza vyenye besiboli ni karibu 300. Hesabu ya waliobaki inajifanya yenyewe. Mchezaji wa chuo cha miaka minne anaweza kuchaguliwa akishamaliza mwaka wa tatu au akifika miaka 21, na hapa kuna jambo ambalo wazazi wengi hulijua wakiwa wamechelewa: wa mwaka wa tatu ana pa kurudi, wa mwaka wa mwisho hana. Kila nafasi katika raundi 10 za mwanzo ina kiasi cha fedha kilichotengwa, na klabu ikiokoa kwa mmoja inaweza kumwongezea mwingine. Kwa hiyo wa mwaka wa mwisho mwenye uwezo uleule huchaguliwa raundi ya tisa kwa dola 10,000 au pungufu, ili fedha zake zihamie kwa kijana wa sekondari. Hilo halina uhusiano na jinsi anavyorusha.

Upande wa pili wa kipimo yuko Paul Skenes. Alianza kwenye chuo cha jeshi la anga, akahamia Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana (LSU), akashinda ubingwa wa vyuo Omaha mwaka 2023 akiwa ameondoa wapigaji 209 msimu huo, akachaguliwa wa kwanza na kusaini kwa dola milioni 9.2. Kumar Rocker wa Vanderbilt alikubaliana na Mets kwa milioni 6 mwaka 2021. Wakaona vipimo vya mkono wake, wakajitoa. Mwaka uliofuata Rangers walimlipa milioni 5.2. Sasa ipo kanuni inayosaidia: mchezaji aliye kwenye orodha ya vijana wanaotarajiwa zaidi ambaye anakubali kupigwa picha za mkono kabla ya kuchaguliwa lazima apewe ofa ya angalau asilimia 75 ya kiasi cha nafasi yake. Kwa aliye na mkono mzima, au hata wenye makovu ya kawaida, kukubali ni busara.

Tuchukue dola 150,000, kiwango ambacho klabu inaweza kumlipa aliyechaguliwa baada ya raundi ya 10 bila kugusa fungu lake. Kato la awali la kodi ya shirikisho kwa malipo ya namna hiyo ni asilimia 22, makato ya hifadhi ya jamii na bima ya afya ya wazee 7.65. Zinabaki dola 105,525. Wakala wa asilimia 5 huchukua 7,500. Zinabaki 98,025, kabla ya kodi ya jimbo. Kisha mshahara: kwa mkataba wa 2023, daraja la Single-A la ligi ndogo lilianza na dola 26,200 kwa mwaka, na madaraja ya juu yake, Double-A 30,250 na Triple-A 35,800. Klabu humlipia malazi. Inaweza kumwacha asubuhi yoyote.

Kwa sababu hiyo kifungu cha thamani zaidi kwenye mkataba wa kwanza, kwa anayeondoka bila shahada, ni cha masomo. Ligi Kuu ina mpango ambao klabu huahidi kiasi fulani kwa kila muhula uliobaki. Lazima kiandikwe wakati wa kusaini, baadaye hakiongezwi. Mchezaji ahesabu ada, malazi, vitabu na kupanda kwa bei, kwani kiasi kilichoandikwa ndicho kitakacholipwa, na hukatwa kodi. Na anapaswa kuanza masomo ndani ya miaka 2 tangu aache besiboli ya kulipwa. Wengi hupoteza haki hii wakizungukazunguka kwenye ligi huru, wakiamini simu itaita tena.

Wanakoishia

Mark Prior alichaguliwa wa pili mwaka 2001 kutoka Chuo Kikuu cha Southern California, akashinda michezo 18 mwaka 2003, na Agosti 2006 akarusha mpira wake wa mwisho katika Ligi Kuu kabla hajafika miaka 26. Bega lilikataa. Tangu 2020 ni kocha wa warushaji wa Los Angeles Dodgers. Craig Breslow, mwenye shahada ya biofizikia ya molekuli kutoka Yale, alichaguliwa raundi ya 26 mwaka 2002, akacheza Ligi Kuu hadi 2017, na tangu Oktoba 2023 ndiye mkuu wa shughuli za besiboli wa Boston Red Sox.

Si kila mtu ni Breslow, lakini kazi zipo kwa mrushaji anayejua kusoma namba za mkono wake. Mashine kama TrackMan na Rapsodo hupima mizunguko, mhimili na pembe ya mpira, na vyuo vinahitaji watu wa kuzigeuza namba hizo kuwa maelekezo ambayo kijana wa miaka 19 atayaelewa. Njia ya kawaida huanza kama msaidizi kwenye timu ya chuo alichosoma, kwa malipo madogo huku akimalizia mikopo yake. Anayetoka nje ya mchezo kabisa hupata shida zaidi kwenye mwaka wa kwanza, pale ratiba iliyompangia kula, kulala na kuinua vyuma tangu utoto inapokoma ghafla. Wanaovuka vizuri ni wale walioshusha mazoezi polepole kwa miezi kadhaa, wakabaki na saa maalumu ya kuamka, na kuwa tayari na darasa au kazi ya kwenda Jumatatu.

Mwili nao una madai yake. Tangu Agosti 2024 vyuo vya daraja la kwanza vinapaswa kugharimia matibabu ya majeraha ya michezo kwa angalau miaka 2 baada ya mchezaji kuondoka, kwa hiyo kiwiko kinachouma kipimwe ndani ya muda huo. Siku ya mwisho, kabla ya kurudisha funguo za kabati, mrushaji aombe nakala za picha zote za bega na kiwiko pamoja na ripoti ya upasuaji. Ndani ya ripoti atafute mambo mawili: kano ilichukuliwa wapi, na kama neva ya kiwiko ilihamishwa kutoka nyuma kwenda mbele. Daktari atakayemtoa vipande vya mfupa akiwa na miaka 45 atahitaji kujua neva hiyo iko wapi kabla ya kupitisha kifaa chochote upande wa ndani, na wakati huo klabu iliyolipia upasuaji wa kwanza inaweza kuwa imebadilisha madaktari mara tatu.